Jiwe hili lilitoka wapi? Namna maabara inavyosoma mawe ya Stonehenge

Tangu miaka ya 1920, aliyeuliza Jiwe la Altare la Stonehenge lilitoka wapi alijibiwa kwamba ni Wales. Jiwe lenyewe lina urefu wa takriban mita 5 na uzito wa tani 6. Limelala katikati ya duara, nusu yake ikiwa imefunikwa na mawe mawili yaliyoliangukia. Agosti 2024 watafiti walichapisha katika jarida la Nature ushahidi kwamba halikutoka Wales hata kidogo. Lilitoka katika bonde la Orcadian, eneo pana la tabaka za kale za mchanga kaskazini-mashariki mwa Scotland, umbali usiopungua kilomita 750 kutoka lilipo leo.

Habari ile ilienea haraka, ila kilichoenea ni jibu. Njia iliyowafikisha watafiti kwenye jibu haikuelezwa sana, na bila kuijua huwezi kupima uzito wa madai ya aina hii. Wengi hudhani jiwe hupelekwa kwenye mashine, kisha mashine ikataja mahali. Hakuna mashine ya namna hiyo. Mashine hutoa namba, na mahali hupatikana kwa kulinganisha namba hizo na za miamba mingine iliyokwisha kupimwa. Mara nyingi kinachojulikana kwa uhakika ni pale ambapo jiwe halikutoka. Kila hatua tutakayoieleza hapa ina kazi hiyohiyo: kupunguza orodha ya mahali panapowezekana.

Mawe ya aina tatu

Stonehenge ipo katika uwanda wa Salisbury, kusini mwa Uingereza. Mawe makubwa yanayoonekana katika kila picha huitwa saseni. Ni mchanga wa kale ulioshikanishwa na silika, kitu kilekile kinachounda punje za mchanga, hadi ukawa mgumu kupita kiasi. Jiwe moja lina uzito wa tani 20 hivi, na yapo yanayozidi hapo. Kati ya takriban 80 yaliyosimamishwa yapata mwaka 2500 KK, yamebaki 52. Kundi la pili ni mawe ya buluu, ambayo ni madogo zaidi, tani 2 hadi 5. Jina hilo halimaanishi mwamba mmoja: ndani yake mna doleraiti, rayolaiti (mwamba wa volkano), majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, na mawe ya mchanga. Jiwe la Altare lilihesabiwa humo kwa muda mrefu, lakini ni jiwe la mchanga lisilofanana na mengine yoyote pale.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua njia ya uchunguzi. Doleraiti ni mwamba uliotokana na uji wa moto wa chini ya ardhi. Madini yake yaliganda pamoja mahali pamoja, kwa hiyo mpangilio na kemia yake hueleza asili yake moja kwa moja. Saseni ni karibu silika tupu, zaidi ya 99%. Ukiliangalia jiwe la bonde hili na la bonde lile unaona punje za kwatzi (fuwele za silika), basi. Jiwe la mchanga nalo ni mkusanyiko wa punje zilizosombwa na mito kutoka milima mbalimbali, hivyo halina asili moja. Kila punje ina yake. Mwamba wa moto unachunguzwa kwa hadubini na kemia, saseni kwa kemia ya elementi zilizomo kwa kiasi kidogo mno, na jiwe la mchanga kwa umri wa punje zake. Anayetumia njia ya kundi moja kwa kundi jingine hupata namba nzuri zisizomwambia kitu.

Kipande chenye unene wa milimita 0.03

Kazi huanza na jicho na lenzi ya mkononi yenye kukuza mara 10, kwenye sehemu ya jiwe iliyovunjika karibuni, kwa sababu uso wa nje umebadilishwa na mvua na hewa. Baada ya hapo hutengenezwa kipande chembamba cha hadubini. Msumeno wa almasi hukata bapa dogo, upande mmoja husagwa ukawa laini kabisa, kisha hugandishwa kwenye kioo kwa gundi ya epoksi. Bapa hukatwa tena likiwa juu ya kioo, halafu husagwa kwa unga wa silikoni kabidi, kuanzia unga mkwaruzo hadi ulio laini, mpaka ubaki unene wa milimita 0.03. Kwa unene huo madini mengi hupitisha mwanga.

Fundi anajuaje kwamba amefika 0.03? Hatumii rula. Anaweka kipande chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, anatafuta punje za kwatzi na kuangalia rangi yake. Kwatzi yenye unene sahihi huonekana kijivu hadi nyeupe. Ikiwa bado ina umanjano, kipande ni kinene. Ikififia kuelekea weusi, kimesagwa kupita kiasi na hakitengenezeki tena. Ni kuanza upya. Makosa ya kawaida ni mapovu ndani ya gundi, ambayo mtu asiye na uzoefu huyachukulia kuwa madini. Punje laini kung'oka na kuacha mashimo. Na kipande kuwa chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, hivi kwamba madini yaleyale yana rangi tofauti kwenye kioo kimoja.

Kwa njia hii, mwaka 1923, mwanajiolojia Herbert Thomas alionyesha kwamba doleraiti yenye madoadoa meupeupe ya Stonehenge ilitoka vilima vya Preseli, magharibi mwa Wales. Madoadoa yale pamoja na mpangilio wa madini yake ni adimu, na Preseli yapo. Msingi wa hoja yake haujatikiswa hadi leo. Kilichotikiswa ni alipojaribu kutaja vilele maalumu vya Preseli, kwa sababu vilele vingi vya pale vina doleraiti zinazofanana machoni. Uchambuzi wa kemia uliochapishwa mwaka 2014 na Richard Bevins, Rob Ixer na Nick Pearce ulihamishia chanzo kikuu cha doleraiti hizo kwenye kilele kingine, Carn Goedog. Walitumia elementi kama kromi na nikeli, ambazo huwahi kuingia kwenye madini yanayoganda mwanzo wakati uji wa moto unapopoa. Kiasi chake hubadilika sana ndani ya familia moja ya miamba, hivyo hutenganisha vilele ambavyo hadubini inaviona ni kimoja.

Kwa rayolaiti ilikuwa kinyume chake, hadubini ndiyo iliyoibuka na ushindi. Vipande vingi vya rayolaiti vilivyochimbwa Stonehenge vina mpangilio wa tabaka nyembamba usio wa kawaida. Mwaka 2011 Ixer na Bevins waliutambua mpangilio huohuo katika mwamba wa Craig Rhos-y-felin, upande wa kaskazini wa Preseli, na ndani ya mwamba huo waliweza kubainisha hata sehemu inayolingana zaidi. Ni nadra sana kwa sayansi hii kufikia usahihi wa mita. Iliwezekana kwa kuwa mwamba wenyewe unabadilika kila baada ya hatua chache. Mwamba unaofanana kwa kilomita 50 hauwezi kukupa usahihi huo hata ukiwa na maabara bora duniani.

Kupima bila kukata

Mawe yaliyosimama Stonehenge yanalindwa kisheria, na hakuna anayeruhusiwa kuyamega bila kibali. Hapo ndipo kifaa cha mkononi cha eksirei kinapokuwa na kazi. Kinashikwa mbele ya jiwe na kutoa miale inayong'oa elektroni za ndani za atomu. Elektroni za nje hushuka kuziba nafasi hizo, na zinaposhuka hutoa eksirei zenye nishati maalumu kwa kila elementi. Kifaa huhesabu nishati hizo na kukadiria kiasi cha kila elementi. Kipimo kimoja huchukua dakika moja au mbili.

Urahisi huo ndio mtego wake. Kifaa hakioni elementi nyepesi. Sodiamu haionekani kabisa na magnesiamu huonekana kwa shida. Eksirei za silikoni na alumini ni dhaifu, zinatoka kwenye utando wa juu tu wa jiwe, wakati za zirkoniamu zinaweza kutoka kina cha milimita kadhaa. Maana yake ni kwamba kipimo kimoja kinachanganya tabaka mbili: ngozi ya jiwe iliyochakaa, na kiini chake. Kuvumwani, ule utando hai wa juu ya mawe, wakiwa wameota juu ya jiwe, unawapima wao pia. Jiwe likiwa na unyevu, maji hufyonza eksirei dhaifu. Uso ukiwa na mabonde, hewa iliyopo kati ya kifaa na jiwe hufanya vivyo hivyo, na namba za elementi nyepesi hushuka bila jiwe kubadilika. Dirisha la kifaa lina upana wa milimita chache tu. Kwa mwamba wenye punje kubwa, kipimo kimoja kinaweza kuwa kimepima punje moja badala ya jiwe.

Dawa yake ni kupima sehemu kadhaa zilizo bapa, kavu na safi, na kupima sampuli ya rejea yenye kemia inayojulikana mwanzoni mwa siku, katikati na mwisho. Sampuli ya rejea ikianza kutoa namba tofauti, vipimo vilivyofanyika katikati ya hapo havina thamani. Ripoti isiyotaja sampuli ya rejea isomwe kwa tahadhari kubwa.

Kundi lililoongozwa na David Nash wa Chuo Kikuu cha Brighton lilipima saseni zote 52 kwa njia hii, vipimo vitano kwa kila jiwe, na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Mawe 50 yalikuwa na kemia inayofanana. Mawili, yenye namba 26 na 160, yalitofautiana na kundi, na pia yalitofautiana yenyewe kwa yenyewe. Kipimo hiki hakikusema mawe yalitoka wapi. Kilisema kwamba 50 kati ya 52 huenda yana chanzo kimoja, na hilo peke yake lilibadilisha kazi yote. Tangu hapo, kujua chanzo cha jiwe moja kati ya hayo 50 kulitosha kueleza karibu yote.

Kifaa chochote cha kupimia kinaweza kudanganywa na jiwe lenyewe, hata dira. Mwaka 1978 iliandikwa kwamba nguzo 19 za basalti za Namoratunga, karibu na Kalokol magharibi mwa Ziwa Turkana, zilipangwa kufuata nyota. Vipimo viliporudiwa baadaye ilionekana kwamba basalti ile ina usumaku, na vipimo vya awali vilihitaji kusahihishwa. Kuujua mwamba ni sehemu ya kuupima.

Kusaga, kuyeyusha, na kugawa kwa zirkoniamu

Kwa saseni kifaa cha mkononi hakitoshi, kwa sababu ile 1% isiyo silika ndiyo yenye habari yote. Inahitajika mashine ya plazima (gesi yenye joto kali) na kipimatungamo (kifaa kinachotenganisha atomu kwa uzito wake), inayoweza kuhesabu elementi zilizomo kwa sehemu chache katika bilioni. Mashine hiyo inataka jiwe la kusagwa. Na nani angeruhusiwa kusaga Stonehenge?

Suluhisho lilitokana na ukarabati. Mwaka 1958, mawe yaliyoanguka mwaka 1797 yalipokuwa yakisimamishwa upya, jiwe namba 58 lilionekana kuwa na nyufa, nalo likatobolewa matundu matatu ili lifungwe kwa vyuma. Robert Phillips, mfanyakazi wa kampuni iliyofanya kazi hiyo, alihifadhi kijiti kimoja cha jiwe kilichotoka tunduni: urefu wa zaidi ya mita moja, kipenyo cha sentimita 2.5 hivi. Baadaye alihamia nacho Marekani. Mwaka 2018 kilirudishwa Uingereza. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kiini safi cha saseni ya Stonehenge, kisichoguswa na mvua, kinachojulikana kwa yakini kilitoka jiwe gani.

Usagaji wenyewe una kanuni zake. Kinu cha chuma huacha chuma na kromi katika unga. Kinu cha tangsteni kabidi huacha tangsteni na kobalti. Anayetaka kupima elementi hizo hutumia kinu cha akiki, japo ni cha polepole na huvunjika kwa urahisi. Kati ya sampuli moja na nyingine husagwa kwatzi safi ili kukisafisha kinu. Inayofuata ni shida ya kuyeyusha: punje za zirkoni, madini yenye zirkoniamu, hazikubali kuyeyuka vizuri katika asidi, hata ile kali ya haidrofloriki. Zikibaki chini ya chombo, mashine itasema jiwe lina zirkoniamu kidogo kumbe imebaki kwenye mashapo. Kwa hiyo unga huchanganywa na chumvi ya lithiamu borati na kuyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, kisha donge linalopatikana ndilo huyeyushwa katika asidi.

Namba zikishapatikana, bado haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Tuseme sampuli moja ya saseni ina titaniamu sehemu 600 katika milioni na zirkoniamu 100. Nyingine, kutoka jiwe hilohilo, ina silika zaidi iliyojaza nafasi kati ya punje, na vipimo vyake ni 300 na 50. Ukiangalia titaniamu peke yake utaapa kwamba ni mawe mawili tofauti. Ukigawa kwa zirkoniamu, zote mbili zinatoa 6. Silika ya ziada imepunguza kila kitu kwa uwiano uleule, na kugawa kunaondoa athari yake. Zirkoniamu inachaguliwa kwa sababu haisombwi na maji kwa urahisi. Ilivyokuwa jiwe lilipoundwa ndivyo ilivyo leo. Ndiyo maana elementi kama kalsiamu au potasiamu, zinazotembea na maji, haziaminiki kwa kazi hii hata zikiwa nyingi.

Kundi la Nash lililinganisha uwiano wa kijiti cha jiwe namba 58 na saseni za maeneo 20 ya kusini mwa Uingereza, kuanzia Devon hadi Norfolk. Maeneo 19 yaliondolewa. Lililobaki ni West Woods, kusini mwa mji wa Marlborough, kama kilomita 25 kaskazini mwa Stonehenge.

Hapa msomaji makini asimame kidogo. "Lililobaki" ni kati ya maeneo 20 yaliyopimwa. Saseni zimetapakaa sehemu nyingi, nyingine zilivunjwa zamani kwa ujenzi wa nyumba na barabara, na eneo ambalo halikupimwa halikuwa na nafasi ya kushinda. Mwaka 2024 watafiti wengine walichukua takwimu zilezile, wakazichambua kwa namna nyingine, na wakapinga jibu la West Woods. Sioni hilo kama udhaifu. Takwimu ziliwekwa wazi ndiyo maana ziliweza kupingwa, na mjadala sasa uko mahali panapofaa: je, ni elementi zipi zilinganishwe, na ni maeneo gani yaongezwe. Kwa maoni yangu njia ya uwiano ina msingi imara zaidi kwa mwamba wa aina hii, kwa sababu niliyoieleza, lakini sampuli chache kwa kila eneo bado ni kasoro ya kweli.

Umri wa punje

Sasa turudi kwenye Jiwe la Altare. Zirkoni ni madini magumu yenye punje ndogo kuliko chumvi ya mezani. Inapoganda hupokea urani ndani ya umbo lake lakini huikataa risasi. Urani, yenye aina mbili, hubadilika polepole kuwa risasi: nusu ya urani-238 hugeuka katika miaka bilioni 4.47, na nusu ya urani-235 katika miaka milioni 704. Kwa hiyo risasi yote iliyomo imezaliwa humo, na uwiano wake na urani hutoa umri. Leza hutoboa kishimo chembamba kuliko unywele juu ya punje, vumbi lake huvutwa hadi kwenye kipimatungamo, na umri husomwa.

Uzuri wa njia hii ni kwamba ina saa mbili ndani ya punje moja. Urani-238 na urani-235 zina kasi tofauti, na punje iliyotunza risasi yake yote itatoa umri uleule kwa saa zote mbili. Saa zikipishana, risasi imevuja, pengine kutokana na joto au nyufa, na punje hiyo hutolewa kwenye hesabu. Kosa la kawaida ni leza kugusa kiini cha zamani na ganda jipya la punje moja kwa pamoja. Umri unaotoka ni wastani wa matukio mawili, na hakuna tukio lililowahi kutokea wakati huo. Ndiyo maana punje hupigwa picha kwanza ili viini na maganda vionekane.

Je, punje ngapi zinatosha? Hesabu yake si ngumu. Kama milima fulani ilichangia 5% ya punje, uwezekano wa kuikosa katika punje moja ni 0.95. Kwa punje 59 ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 59, yaani karibu 0.05. Lakini huko ni kuhofia kukosa kundi moja tu unalolijua. Ukitaka uhakika wa 95% kwamba hujakosa kundi lolote la ukubwa huo, inahitajika idadi ya punje 117. Anayedai kwamba jiwe halina punje za umri fulani baada ya kupima 20 hajathibitisha chochote. Anayedai kwamba zimo, na kazikuta, yuko salama hata kwa chache. Kutokuwepo ni kugumu zaidi kuthibitisha.

Anthony Clarke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, walipima zirkoni, apataiti na rutaili katika vipande vidogo vya Jiwe la Altare. Kwa nini madini matatu? Zirkoni haifi. Inaweza kutoka mlimani, ikakaa ndani ya jiwe la mchanga, jiwe likamomonyoka, ikaingia katika jiwe jipya, na umri wake ukabaki uleule. Inasimulia historia ndefu lakini haisemi ilipita wapi mwisho. Apataiti ni dhaifu, haivumilii safari nyingi, kwa hiyo inaelekeza kwenye milima iliyokuwa karibu wakati mchanga unatua. Rutaili nayo hutokea sana katika miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo.

Majibu yalishikana. Zirkoni nyingi zilikuwa za kale sana, kati ya miaka bilioni 1 na 1.8 kwa makundi makubwa, na baadhi zaidi ya hapo. Apataiti na rutaili zilionyesha tukio la miaka milioni 460 hivi iliyopita. Scotland ya kaskazini ilikuwa sehemu ya bara moja na Amerika Kaskazini ya kale, wakati Wales na kusini mwa Uingereza zilikuwa ng'ambo ya bahari iitwayo Iapetus, ambayo ilifunga zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Miamba ya pande hizo mbili ina umri tofauti wa zirkoni. Punje za Jiwe la Altare ni za upande wa kaskazini, na miaka milioni 460 inalingana na kipindi cha kuundwa kwa milima ya Grampian huko Scotland. Ulinganisho wa kitakwimu na mabonde mengine ya mawe ya mchanga ya Uingereza na Ireland uliacha bonde la Orcadian likiwa juu, kwa uhakika wa zaidi ya 95%.

Je, kipande ni cha jiwe hilo kweli?

Kazi yote hiyo ingeanguka kama kipande kilichopimwa hakikutoka kwenye Jiwe la Altare. Ardhi ya Stonehenge imejaa vipande vya mawe. Vingine ni vya mawe yaliyosimama, vingine vya nyundo za mawe zilizotumika kuyachonga, vingine vililetwa baadaye. Kibandiko cha makumbusho kinaweza kuwa na makosa. Hivyo kabla ya kufikiria Scotland, Bevins na wenzake walishughulikia swali hili lisilo na mvuto magazetini. Kuna kipande cha makumbusho kinachosemekana kilichukuliwa mwaka 1844 upande wa chini wa Jiwe la Altare. Walikipima kwa kifaa cha mkononi, wakapima pia jiwe lenyewe pale lilipolala. Vyote viwili vilikuwa na bariamu nyingi isivyo kawaida, kutokana na madini ya baraiti yaliyoshikanisha punje. Kuanzia hapo kipande kikawa na sifa ya kuwakilisha jiwe.

Bariamu hiyohiyo ndiyo iliyoitoa Wales katika orodha. Makumi ya sampuli za mawe mekundu ya kale ya mchanga kutoka Wales na mpakani mwake zilipimwa, na karibu zote zilikuwa na bariamu chache mno. Zilizokaribia zilikataliwa na hadubini. Mwaka 2023 kundi hilo liliandika kwamba wakati umefika wa kutafuta mbali zaidi. Ushahidi wa Scotland ulipokuja mwaka uliofuata, ulikuta mlango umeshafunguliwa.

Kukataa kwa namna hii kumevunja pia nadharia zilizopendwa. Mwaka 2021 ilipendekezwa kwamba jiwe la buluu namba 62 liliwahi kusimama katika duara la Waun Mawn, huko Preseli, kabla ya kuhamishiwa Stonehenge. Mwaka 2022 kemia ilionyesha kwamba jiwe 62 linalingana na kilele cha Garn Ddu Fach, karibu kilomita 7 kutoka Waun Mawn, na kwamba mawe ya Waun Mawn yenyewe yana chanzo kingine. Mwanaakiolojia aliyetoa pendekezo la kwanza, Mike Parker Pearson, alikuwa miongoni mwa waandishi wa uchunguzi uliolidhoofisha. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kisichopimwa na maabara

Kemia ikishataja mahali, watu huruka haraka hadi kwenye safari. Hapo lazima tutenganishe. Ulingano wa mwamba unasema jiwe liliundwa wapi. Hausemi nani alilibeba. Kwa mawe ya buluu bado wapo wanajiolojia wanaodai kwamba mito ya barafu ya zama za baridi iliyasogeza kuelekea mashariki. Wanaopinga wanataja dalili za uchimbaji zilizofukuliwa Carn Goedog na Craig Rhos-y-felin, ambazo nazo zina wanaozipinga. Kwa Jiwe la Altare hoja ya barafu ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna njia ya barafu inayojulikana kuubeba mzigo kutoka kaskazini-mashariki mwa Scotland hadi uwanda wa Salisbury. Maswali haya hujibiwa kwa ramani za barafu, mashapo na machimbo. Kipimatungamo hakiyajibu.

Wakati mwingine hata chanzo si swali gumu. Katika kaburi la mawe la Menga, Antequera, kusini mwa Hispania, lililojengwa kati ya mwaka 3800 na 3600 KK hivi, machimbo yako chini ya kilomita moja kutoka kaburini. Kilichowashughulisha wachunguzi ni ulaini wa jiwe. Jiwe kubwa la paa lina uzito wa tani 150 hivi na ni la chokaa na mchanga, lenye vinyweleo, rahisi kuvunjika likisukumwa vibaya. Kupima ugumu na vinyweleo vyake kuliwaambia zaidi kuhusu ujuzi wa wajenzi kuliko ambavyo umri wa zirkoni ungeweza.

Kwa Jiwe la Altare kazi sasa iko uwandani. Orkney ilikuwa ya kwanza kushukiwa, kwa sababu ina makaburi na duara za mawe za zama hizohizo, na iko ndani ya bonde la Orcadian. Baadaye mwaka 2024 vipimo vya miamba na mawe ya kisiwa chake kikuu, pamoja na duara la Brodgar na mawe ya Stenness, vilionyesha kwamba madini hayalingani. Kisiwa hicho kimefutwa. Limebaki eneo kubwa la Scotland bara, na utaratibu wa kulipitia ni uleule: kifaa cha mkononi kwanza kutafuta bariamu, kwa kuwa ni cha haraka na hukataa miamba mingi siku hiyohiyo, kipande cha milimita 0.03 kwa ile michache inayopita. Na leza juu ya punje kwa itakayokuwa imebaki.